Majina Yaandikwe Nchi Kavu

Kutoka Bujumbura hadi Uvira, ukikata maji moja kwa moja, ni takriban kilomita 25. Kwa barabara unavuka mto Ruzizi, unapita Gatumba, unagonga muhuri mpakani na kuingia Kavimvira. Mbele yako mji wa Uvira umejipanga kwa urefu, umebanwa kati ya maji na milima ya Mitumba. Safari hii ya kuzunguka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika niliianzia Kigoma, nikapitia Bujumbura, nikaishia mwambao wa Kongo. Kila nilipofika nilitaka kuona kitu kimoja: ramani ya hali ya hewa ambayo mtu wa pale anaifungua kwenye simu yake au anaikuta imebandikwa ukutani.

Kazi yangu ni kuchora ramani. Kabla mvua haijapakwa rangi, kuna mtu ameshaamua dunia ya mviringo ikunjuliwe vipi iwe bapa, fremu ikatwe wapi, na herufi ziwe na ukubwa gani. Mara nyingi anayeamua ni programu yenyewe, kwa mipangilio iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Huku ziwani mipangilio hiyo ndiyo inayoamua nani aonekane na nani afunikwe.

Kigoma

Kigoma kuna utaratibu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa Kiswahili, na Ziwa Tanganyika hutajwa kwa jina lake. Kwenye ramani ya taifa Kigoma iko ukingoni kabisa, upande wa magharibi, na ziwa ni utepe wa buluu unaofunga picha. Ng'ambo ya utepe huo hakuna kilichochorwa. Kwa ramani ya taifa, hilo ni jambo la kawaida, ila anayesimama ufukweni jioni huona kwa macho yake radi zikimulika juu ya milima ya Kongo, mahali ambapo ramani yake imeacha weupe.

Kilichonishughulisha zaidi Kigoma ni saa. Data za utabiri duniani huandikwa kwa saa za UTC, na programu nyingi huibandika saa hiyo juu ya ramani bila kuibadili, kwa herufi ndogo za pembeni. Ramani ikisema 18:00 UTC, Kigoma ni saa tatu usiku, lakini Uvira na Bujumbura ni saa mbili. Ziwa ni moja na jua ni lile lile, ila mvuvi wa Kigoma huliona likizama yapata saa moja jioni na mwenzake wa Uvira huliona likizama saa kumi na mbili. Wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, hutoka jua linapozama, hasa siku za giza ambapo mwezi hauwazidi nguvu taa zao, na dhoruba za ziwani huja usiku na alfajiri, wakati nchi kavu imepoa, maji bado yana joto, na pepo za kutoka kingo mbili zinakutana katikati. Saa moja ikikosewa kwenye maandishi, mtu anaweza kujikuta katikati ya maji wakati alipodhani atakuwa ameshavuta boti mchangani. Kama ingekuwa juu yangu, saa ya mahali ingekuwa maandishi makubwa kuliko yote kwenye ramani ya ziwa, makubwa kuliko hata jina la nchi.

Bujumbura

Burundi imeziweka kazi mbili chini ya paa moja: taasisi yake ya jiografia, IGEBU, ndiyo inayoshughulika na ramani na ndiyo inayoshughulika na hali ya hewa. Nadhani huo ni mpango wa busara. Lakini faida kubwa ya Bujumbura inatokana na udogo wa nchi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 tu. Ukiijaza kwenye skrini ya simu yenye upana wa sentimita sita na nusu, sentimita moja inabeba kilomita 33 hivi, na umbali wa kutoka Bujumbura hadi Uvira unakuwa zaidi ya milimita saba. Hapo unaweza kuweka rangi mbili tofauti, na mishale ya upepo, na jina la kila tarafa.

Ukichukua skrini hiyo hiyo ukaijaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye kilomita za mraba 2,345,000, mambo yanageuka. Sentimita moja sasa inabeba zaidi ya kilomita 300, na zile kilomita 25 zinakuwa chini ya milimita moja. Neno "Bujumbura", likiandikwa kwa herufi ambazo mtu mzima anaweza kuzisoma, linachukua sentimita nzima na zaidi: linaufunika upana wote wa Burundi, linaufunika upana wote wa ziwa, na Uvira inabaki chini yake. Programu ikiona majina mawili yanagongana, huacha moja. Kanuni ya kawaida ni kuubakiza mji mkuu au mji wenye watu wengi zaidi, na Bujumbura, mji mkuu wa Burundi kwa miaka mingi hadi Gitega ilipochukua nafasi hiyo, hushinda karibu kila mara.

Hapo hapo Bujumbura nilifungua ramani za msimu za ICPAC, kituo cha Nairobi kinachohudumia nchi 11 za jumuiya ya kikanda ya IGAD na jirani zake. Burundi imo, Rwanda imo, Uganda imo, Tanzania imo. Kongo si mwanachama, kwa hiyo rangi za mvua zinaishia kwenye mpaka. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo ni mwingine na ramani haikubadilika. Wingu linalofanyika juu ya Mitumba na kushuka hadi uwanda wa Imbo linaanza kuwa na rangi likishafika Burundi. Ukumbuke kwamba Kongo ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya Ziwa Tanganyika, asilimia 45, ikifuatiwa na Tanzania yenye 41. Burundi ina 8 na Zambia 6. Nchi hizo nne zilitia saini mkataba wa pamoja wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura. Ziwa lina chombo cha pamoja, basi lingestahili na ramani ya pamoja isiyokatwa mpakani.

Ncha hii ya ziwa imeonewa na ramani kwa muda mrefu. Wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi Aprili 1858, wakitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, maana kama ungetoka, basi huenda hapa ndipo chanzo cha Nile. Wenyeji wa Uvira waliwaambia wazi: mto unaingia. Wapelelezi hao hawakufika mdomoni mwake, na miaka sita baadaye Burton alikuwa bado anachapisha hoja kwamba maji ya Tanganyika yanakwenda kaskazini. Livingstone na Stanley walipofika Novemba 1871 wakaona maji yakiingia, kama walivyosema watu wa Uvira miaka 13 kabla. Mwaka 1885 Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilichorewa mpaka wa mstari ulionyooka kutoka ncha hii ya ziwa kwenda kaskazini mashariki hadi longitudo 30, na wachoraji hawakujua kwamba kuna Ziwa Kivu. Mzungu wa kwanza kulifikia, von Götzen, alifika mwaka 1894. Ugomvi uliotokana na mstari huo ulimalizwa Brussels mwaka 1910, na mto ndio ukawa mpaka. Nayaeleza haya kwa sababu nikiwa Uvira niliyaona tena kwa sura nyingine. Wenyeji wanajua, na aliye mbali ndiye anayeshika kalamu.

Kavimvira hadi Uvira

Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, maelfu walikimbilia Uvira na Burundi, na aliyefika wa mwisho hupata kiwanja kilichobaki, yaani kando ya mto au kando ya maji. Kwa watu hao swali la mvua itanyesha upande gani wa mlima ni swali la usiku huu.

Ili kulijibu nilifungua kompyuta yangu, iliyokuwa na programu mbili ambazo wanafunzi na watabiri wengi wanazitumia bure. Ya kwanza ni Panoply, iliyoandikwa na Robert Schmunk wa taasisi ya NASA ya GISS, New York. Ya pili ni IDV ya Unidata, Colorado. Panoply ina projeksheni zaidi ya mia moja, yaani namna zaidi ya mia za kuilaza dunia kwenye bapa. Ukiifungulia faili la mvua bila kugusa kitu, inakuletea dunia nzima, Greenwich katikati. Ziwa Tanganyika linakuwa kikwaruzo.

Siku hizi kuna mjadala mkubwa wa projeksheni barani kwetu, na ni mjadala wa haki. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569, ambayo toleo lake la mtandaoni ndilo linalobeba programu nyingi za hali ya hewa kwenye simu, hukuza kila kitu kadiri unavyoiacha ikweta. Katikati ya Greenland eneo hukuzwa karibu mara kumi. Ndiyo maana Greenland inaonekana kuimeza Kongo, ilhali Kongo ndiyo kubwa: kilomita za mraba milioni 2.345 dhidi ya milioni 2.166. Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha Mercator na kutumia projeksheni ya Equal Earth, iliyobuniwa mwaka 2018 na Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny, ambayo hulinda ukubwa wa kila nchi. Naunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa shule ya Uvira anastahili kuiona nchi yake kwa ukubwa wake.

Lakini ukishasogea karibu, hapa latitudo 3.4 kusini, projeksheni karibu zote zinasema ukweli. Mercator inakuza umbali kwa chini ya asilimia 0.2. Hata ile rahisi kuliko zote, inayochora digrii za longitudo na latitudo kuwa viraba sawa, haidanganyi, kwa kuwa digrii moja ya longitudo Uvira ni kilomita 111.1 na ya latitudo ni 110.6. Ukiipeleka ramani ya namna hiyo London, digrii ya longitudo huko ni kilomita 69 tu na nchi inatanuka ubavuni. Anayetaka kupima ukubwa wa eneo lililofurika atumie projeksheni inayolinda eneo, na anayechora ziwa zima atafanya vyema kuweka mstari wa katikati kwenye longitudo 30, maana ziwa linaanzia 29 kaskazini na kuishia 31 kusini. Zaidi ya hapo, mtu wa Uvira haonewi na projeksheni. Anaonewa na fremu, na herufi, na gridi.

Gridi nayo ina yake. Data ya wazi ya Marekani iitwayo GFS, inayolisha programu nyingi za simu, hutolewa kwa nukta za kila robo digrii, kama kilomita 28. Niliziweka nukta hizo juu ya ramani ya hapa. Iliyo karibu zaidi na Uvira ni ile ya latitudo 3.5 kusini, longitudo 29.25 mashariki. Iliyo karibu zaidi na Bujumbura ni hiyo hiyo, na iko majini. Kwa hiyo programu inayochukua nukta ya karibu itaipa miji hii miwili utabiri mmoja, neno kwa neno, ingawa mmoja uko kwenye uwanda mpana na mwingine uko chini ya ukuta wa milima inayopanda kutoka mita 770 za uso wa ziwa hadi kupita mita 2,000. Programu huficha jambo hilo kwa kulainisha rangi, zikawa zinateleza kutoka buluu hadi kijani kana kwamba kuna kipimo kila mtaa. Panoply ina mahali pa kuzima ulainishaji. Niliuzima, na viraba vikatokea vikubwa na wazi. Picha ilipoteza uzuri, ila sasa mtu alijua ameambiwa nini hasa.

Kalundu

Bandari ya Kalundu iko kusini mwa mji. Maji ya ziwa yalipanda miaka ya 2020 na 2021, yakapanda tena 2024, yakaingia kwenye nyumba za huku kama yalivyoingia Gatumba. Wazee wa ziwa hawashangai kwamba maji yana kupanda na kushuka. Katika karne ya 19 ziwa lilipanda hadi lilipobomoa kizuizi cha mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, yapata mwaka 1878, kisha likashuka mita kumi hivi katika miaka iliyofuata.

Hapo nilimwonyesha mzee mmoja mwenye boti picha ya mvua kwenye simu, ramani ya kawaida ya mtandaoni.

"Hii nyekundu iko juu ya nani?" akauliza. "Juu yetu ao juu ya Warundi?"

"Papa, iko hapa, kati ya sisi na wao."

"Mimi naona Bujumbura tu. Uvira iko wapi, mwanangu?"

Jina la Bujumbura lilikuwa limeanzia juu ya maji, mahali hasa mzee huyo anapotega, na kuishia mashariki. Wachora ramani wana desturi ya zamani, iliyoelezwa vizuri na Mswisi Eduard Imhof mwaka 1962: jina la mji wa pwani liandikwe majini, ili lisikanyage barabara na mito ya nchi kavu na msomaji ajue kwamba mji uko ufukweni. Ni kanuni nzuri kwa ramani ya barabara. Kwa ramani ya upepo wa ziwa inaharibu, maana maji ndiyo habari yenyewe. Mzee huyu hahitaji kuambiwa barabara inapita wapi. Anahitaji kuona mshale wa upepo kati ya Kalundu na ng'ambo, na pale ndipo programu ilipoweka herufi tisa za jina la mji wa jirani.

Nilikaa kwenye kivuli cha boti iliyopinduliwa nikachora upya mbele yake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa 50, na limesimama wima kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo linaingia kwenye simu iliyoshikwa wima vizuri kuliko maziwa yetu mengine. Ukilitandaza kwenye skrini ya sentimita 13, linakuwa na upana wa sentimita moja, na kushoto na kulia inabaki nafasi tele. Nafasi hiyo ni ya majina. Uvira, Makobola, Mboko, Baraka na Kalemie nikayaweka kushoto juu ya milima, yakiishia ufukweni. Bujumbura, Rumonge na Kigoma nikayaweka kulia, yakianzia ufukweni. Majini nikaacha mishale peke yake. Kisha nikakata fremu ya pili ya ncha ya kaskazini tu, kutoka mdomo wa Ruzizi hadi Makobola, kwa ajili ya wale wasiokwenda mbali.

Ukubwa wa herufi ulitaka hesabu. Programu hupima herufi kwa pointi, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi. Mtu akiwa ofisini huchora ramani yenye upana wa sentimita 30, akaweka herufi za pointi 12, akaridhika. Picha inatumwa kwa WhatsApp, inafika kwenye simu yenye upana wa sentimita sita na nusu, na zile pointi 12 zinakuwa 2.6, chini ya milimita moja. Juani, kwenye kioo kilichopasuka, mbele ya macho ya mtu wa miaka 60, hakuna kilichoandikwa. Dawa ni kuchora tangu mwanzo kwa upana wa simu, au kwenye ile ya sentimita 30 kuandika kwa pointi 40 na zaidi. Herufi zikiwa kubwa hivyo majina mengi hayaingii, na hapo ndipo mchoraji anapaswa kuuliza watu: mkibaki na majina kumi, mnataka yapi?

Mama mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala juani alijibu kabla ya wavuvi. Yeye hakutaka majina. "Mvua ya kesho haiko shida," alisema. "Uniambie saa." Ndagala wakilowa kabla hawajakauka ni hasara, na kuwakusanya mapema bila sababu ni hasara pia.

Juu ya mji

Jioni mawingu yalijikusanya juu ya Mitumba, nikalinganisha macho yangu na picha za setilaiti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo lisiloandikwa kwenye ramani yoyote niliyoiona na kwa Uvira ni kubwa.

Ulaya ina setilaiti za Meteosat zinazokaa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 juu. Ile kuu iko longitudo 0, juu ya Ghuba ya Guinea. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, inapiga picha kutoka hapo kila dakika 10, na ina kifaa cha kuhesabu radi. Nyingine iko longitudo 45.5 mashariki, juu ya Bahari ya Hindi. Uvira iko longitudo 29, kwa hiyo setilaiti ya magharibi inaitazama kwa mshazari. Kitu kilicho chini, kama ufukwe, kinachorwa mahali pake. Wingu refu halichorwi mahali pake. Kilele cha wingu la radi kikiwa kilomita 15 juu, mshazari huo unakisukuma kwenye picha kama kilomita 10 kuelekea mashariki. Setilaiti ya Bahari ya Hindi, iliyo karibu zaidi na wima wetu, inakisukuma kama kilomita 5 tu, tena kuelekea magharibi.

Kwenye nchi tambarare kilomita 10 hazimtii mtu wasiwasi. Kati ya Mitumba na Imbo zinabadilisha kila kitu. Wingu lililo juu ya mteremko nyuma ya Uvira, linalomwaga maji kwenye vyanzo vya mito inayoshuka mjini, linaonekana kwenye picha ya magharibi likiwa limetulia juu ya ziwa. Anayetazama Uvira ataona mji wake uko salama na mvua iko majini. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilishuka kwenye milima hii, mto Mulongwe ukafurika, makumi ya watu wakafa, madaraja yakavunjika na makumi ya maelfu wakabaki bila makazi. Mito ya hapa ni mifupi na mikali. Kutoka mlimani hadi sokoni maji hayachukui muda mrefu.

Programu kama IDV inaweza kupokea picha za setilaiti mbili na kuzilaza juu ya ramani moja. Nilipozitazama pamoja, wingu lile lile lilikuwa mahali pawili, na ukweli ulikuwa katikati, karibu zaidi na ile ya mashariki. Kwa wanaotoa ramani za mwambao huu ningeomba mambo mawili: watumie picha ya longitudo 45.5 kila inapowezekana, au warudishe kilele cha wingu mahali pake kwa hesabu, ambayo inajulikana. Na waandike juu ya ramani, kwa herufi zinazosomeka, picha imepigwa kutoka upande gani. Mji una watu wa kuisimamia kazi hii. Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia, CRH, kiko hapa hapa Uvira.

Barabara ya Fizi

Kusini mwa Kalundu barabara inabanana na maji, mlima ukiwa mkono wa kulia, na vijiji vinafuatana kwenye midomo ya mito, kwa sababu hapo ndipo penye udongo tambarare. Nikipita Makobola na kuendelea, nilikuwa nikifananisha majina ya njiani na ya kwenye skrini. Mengi hayamo. Mei 2025 kijiji cha Kasaba, katika wilaya ya Fizi, kilizolewa na maji usiku baada ya mvua kubwa. Taarifa za maofisa zilitaja vifo zaidi ya 100. Ramani nyingi za hali ya hewa hazina jina hilo hata ukivuta karibu kabisa, maana orodha za majina zinapangwa kwa ukubwa wa mji, na kijiji kilicho mdomoni mwa mto hakina ukubwa huo.

Kwa hiyo nilipomaliza ramani yangu ya ncha ya kaskazini niliyapunguza majina ya miji na kuingiza ya mito. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira yameandikwa kwa rangi ya buluu iliyoiva, juu ya milima, kila moja kwenye bonde lake, kwa herufi sawa na za Uvira. Saa iko juu kabisa, kwa hesabu ya Uvira. Viraba havijalainishwa. Ukiituma kwa simu ya bei nafuu bado inasomeka, na faili lake ni dogo kiasi cha kupita hata mtandao ukiwa hafifu. Kipimo kinachofuata ni cha watu wa Kalundu wenyewe: waitazame msimu mzima wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, waseme jina gani liondoke na lipi liongezwe.